Barua ya wazi kwa waliotununulia kamera

Kwa Kamati ya Ununuzi wa Vifaa vya Mikutano ya Mtandao,
Ofisi mnayoijua wenyewe.

YAH: SHUKRANI KWA KAMERA

Ndugu Wajumbe, tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi kamati ya maji, Ngaramtoni, tumeipokea kamera, na kwa kweli ni kamera. Inageuza shingo yenyewe kumfuata mtu anayetembea. Mkutano wa kwanza ilimsindikiza mama wa chai mpaka mlangoni. Runinga nayo ni pana, hata wajumbe wa nyuma waliisoma kalenda iliyo ukutani kwenu. Tatizo ni kwamba hatukusikia neno.

Kuhusu maiki, hati yenu ya makabidhiano inasema "imo ndani ya kompyuta". Imo, hatubishi. Ila kompyuta iko mwisho wa meza, wazee wako mwisho wa ukumbi, juu yetu ni bati tupu, na mvua ya Mlima Meru haisubiri "mengineyo" ndipo ianze. Njooni Alhamisi au Jumapili, siku za soko, mumsikilize muuza mitumba. Spika yake imefungwa kwa mpira, lakini anasikika mpaka barabara ya Namanga, kwa sababu maiki ameishika mdomoni. Hakuhudhuria semina yoyote.

Mjumbe mmoja alipoona hatusikii, akawasha kompyuta yake pembeni ili asaidie. Spika ya hii ikaingia kwenye maiki ya ile, ya ile ikarudi kwenye hii, ukumbi ukapiga mluzi mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Dawa yake ni ndogo: chumba kimoja, maiki moja, spika moja, na mashine nyingine zote zizimwe sauti. Haikuandikwa popote kwenye maelekezo yenu, ambayo yana kurasa nyingi nzuri kuhusu namna ya kuifuta lenzi.

Sasa kuna jambo dogo kwenye muhtasari wa mkutano ule. Mmeandika kwamba Ngaramtoni "wameafiki ada mpya ya maji kwa kauli moja". Kauli ipi, ndugu zangu? Mwenyekiti wetu aliweka kiganja sikioni. Mkadhani anawapigia saluti. Wa pembeni waliitikia kwa kichwa, ni kweli, walikuwa wanaulizwa kama wanatumia sukari. Na kwa kuwa fundi wenu aliitundika kamera ikitazama dirisha, nyuso zetu zilitoka nyeusi tii, kwa hiyo hata aliyenuna alihesabiwa miongoni mwa walioridhia.

Msidhani tunaidharau mikutano ya namna hii. Tarehe 29 Machi 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake hapo mjini Arusha, iliipokea Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika kwa mtandao. Kongo nzima ilipita, na mto wake. Bomba letu moja limekwama. Mahakama ya Kimbari ya Rwanda nayo, kabla haijafunga kazi Arusha mwaka 2015, iliwahi kupokea ushahidi wa watu walio mbali kwa njia ya video, na nina hakika majaji hawakuandika hukumu kwa kutazama midomo ikichezacheza.

Tunaomba, basi, maiki ya mezani, hata ya bei ya chini, yenye waya mrefu wa kumfikia mzee alipokaa. Tunaomba betri ya akiba kwa ajili ya modemu, maana umeme ukikatika kompyuta hubaki hai na mtandao hufa. Na mtandao ukisuasua, turuhusiwe kuzima picha: sauti peke yake hutosheka na chini ya kilobiti 100 kwa sekunde, wakati picha kali kama yenu huweza kudai megabiti 3, na bando tunalinunua sisi. Meza na kamera tutazigeuza wenyewe, dirisha litutazame usoni.

Kamera mkitaka ichukueni. Ada ile ifutwe kwenye muhtasari mpaka tujadiliane tukisikilizana, na mkutano huo msiuweke Alhamisi. Majibu tunaomba kwa maandishi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Katibu, kamati ya maji, Ngaramtoni.