Nyuzi Thelathini za Minnesota

Mgeni akitua Minneapolis mwezi wa Januari, wa kwanza kumdanganya ni simu yake mwenyewe. Anatazama hali ya hewa, simu inamwambia nyuzi 30. Kwa mtu aliyekulia Mombasa au Morogoro, nyuzi 30 ni habari ya shati la mikono mifupi na soda baridi. Anatoka hivyo hivyo. Kabla hajaufikia mlango wa gari, meno yanagongana na vipele vimemsimama mikono yote miwili.

Marekani hupima joto kwa Farenhaiti, na kwa kipimo hicho maji huganda kwenye nyuzi 32. Thelathini ya Minneapolis ni nyuzi moja chini ya sifuri kwa kipimo alichofundishwa shuleni. Kinachomvuruga zaidi ni jirani, mzee aliyevaa kaptula, anayeondoa theluji mbele ya nyumba yake na kumpungia mkono: "Leo afadhali, kuna kijoto!" Mzee hatanii. Zipo siku ambazo hiyo hiyo Farenhaiti hushuka hadi sifuri, yaani 18 chini ya sifuri za Selsiasi, na siku hizo vinyweleo vya puani huganda kwa pumzi ya kwanza tu.

Hata hizo si za kusimuliwa. Minnesota imepakana na Kanada, na upepo unaotoka kaskazini kabisa mwa dunia huteremka moja kwa moja bila kukuta mlima wa kuuchelewesha. Tarehe 2 Februari 1996, katika mji mdogo wa Tower, kipimo kilifika nyuzi 60 chini ya sifuri za Farenhaiti, ambazo ni 51 chini ya sifuri za Selsiasi. Ndiyo rekodi ya jimbo mpaka leo. Nao mji wa International Falls, ulioko mpakani, ulivutana na mji wa Fraser wa Colorado kwa miaka mingi, mpaka wanasheria wakaingia, wakigombea nani mwenye haki ya kujiita Sanduku la Barafu la Taifa. Kwingine miji hugombea uwanja wa ndege.

Katika vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis, hasa Brooklyn Park, wamelowea Wakenya wengi, na Wakisii kati yao hawahesabiki kwa vidole. Waliotoka nyanda za juu huja na kiburi kidogo. Aliyewahi kuamka Limuru mwezi wa Julai, au Njombe mwezi wa Juni, hujiona baridi anaijua, wamekula chumvi pamoja. Kiburi hicho huisha siku ya kwanza ya kumvalisha mtoto. Kuna fulana ya ndani, soksi mbili, suruali mbili, sweta, koti la theluji, buti, kofia, skafu, glavu. Mtoto amefungwa mpaka mikono haishuki, mama ameshaanza kutokwa jasho, basi la shule linaonekana kwenye kona. Hapo ndipo mtoto husema anataka kwenda chooni.

Simu nayo ina vituko vyake. Kioo chake hakitambui glavu za kawaida, na kuvua glavu ni kuvitoa vidole kafara, kwa hiyo utawaona watu wazima wenye vyeo vyao wakipokea simu kwa ncha ya pua.

Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Minnesota haingoji ya tatu, na badala ya jembe hutoa beleshi. Sheria ya Minneapolis humpa mwenye nyumba saa 24 baada ya theluji kukoma awe ameisafisha njia ya wapita kwa miguu. Kazi yenyewe ni nzito, na wakati wa kuimaliza ndipo lori la jiji hupita likisukuma theluji ya barabarani. Lori halina nia mbaya. Linaisukuma pembeni, na pembeni ndipo lilipo lango lako ulilotoka kulisafisha.

Lakini mtihani wenyewe ni wa kuegesha gari. Theluji ikizidi, jiji hutangaza dharura, na dharura hiyo ina siku tatu zenye masharti matatu. Siku ya kwanza, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi, haruhusiwi mtu kuegesha kwenye barabara kuu zilizowekewa alama maalumu, upande wowote. Siku ya pili, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, mitaa mingine hukatazwa upande wenye nyumba za namba shufwa. Siku ya tatu, saa zile zile, ni zamu ya upande wa namba witiri. Kwa hiyo unamkuta mhasibu mwenye shahada mbili amesimama gizani, tochi mkononi, akifuta theluji kwenye kibao cha nyumba ya jirani ili ajue kama namba yake inagawanyika kwa mbili. Akikosea hesabu, gari huvutwa hadi kwenye yadi ya jiji, na kulitoa ni kwa pesa. Yadini kule atakuta foleni ya wenyeji waliozaliwa hapo hapo, wajukuu wa Waswidi na Wanorwe, nao wamevutiwa magari yao kwa kosa lile lile.

Foleni hiyo ndiyo inayoanza kumfungulia mgeni siri ya mahali hapa. Watu wa Minnesota wanaipenda baridi, lakini baridi haiwaonei huruma hata wao: wanateleza, wanazimikiwa na betri, wanakwama njiani. Walichoamua tangu zamani ni kwamba masaibu hayo ni mali ya umma, na yakishakuwa ya umma yanageuka mchezo. Gari likikataa kuwaka asubuhi, mtu asiyekujua kwa jina huja na waya za kushtulia betri, na huku mnangoja anakusimulia la kwake lilivyomzimikia mwaka jana, tena kwa fahari.

Mwishoni mwa Januari 2019 baridi ilikuwa kali kiasi kwamba shule zilifungwa na hata posta ikaacha kupeleka barua kwa muda. Watu wakatoka nje kucheza. Wengine walirusha maji yanayochemka hewani wayaone yakigeuka ukungu papo hapo. Katika sehemu kadhaa za ukanda huo, wapo waliofikishwa hospitalini kwa kuungua, katika wiki ya baridi kuliko zote. Minneapolis ikajipatia sifa kwa suruali: mtu analowesha jinzi, anaisimamisha nje, inaganda ikiwa wima. Ukipita mtaani unaona suruali zimesimama uani kana kwamba zinapumzika, wenyewe hawamo.

Ubishi huu ni wa kale. Mwaka 1885 mwandishi wa gazeti moja la New York aliandika kwamba Saint Paul, mji pacha wa Minneapolis, ni Siberia nyingine isiyofaa binadamu kuishi. Wakubwa wa mji hawakumpeleka mahakamani. Waliandaa sherehe ya baridi, na mwaka 1886 wakajenga kasri la vipande vya barafu lenye urefu wa zaidi ya mita 30. Mafundi walitoka Montreal, ambako sherehe kama hiyo ilikuwa imefutwa kwa sababu ya ndui. Miaka mitatu baadaye, mji uliotukanwa kwa ubaridi wake ukaaibishwa na joto: majira ya 1889 hayakuwa na baridi ya kutosha, kasri halikujengwa, sherehe ikafutwa.

Sherehe ipo hadi leo, kila mwisho wa Januari. Kuna Boreas, mfalme wa upepo wa kaskazini, na kuna Vulcanus Rex, mfalme wa moto, ambaye wafuasi wake huzunguka mjini juu ya gari kuukuu la zimamoto wakipaka watu masizi usoni. Tangu 1952 gazeti la mji huficha kidani katika bustani mojawapo na kutoa vidokezo vya mafumbo siku baada ya siku. Watu wenye kazi zao na mikopo yao ya nyumba hupiga magoti usiku wa manane wakichimbua theluji. Zawadi hufika dola 10,000. Wengi hurudi na mafua.

Kisha kuna maziwa. Jimbo linajivunia maziwa zaidi ya 10,000, na yakiganda hugeuka viwanja. Idara ya maliasili hushauri barafu iwe na unene wa sentimita 10 kwa mtu wa miguu na zaidi ya 30 kwa pikapu, kisha huongeza kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa. Wavuvi husikia sehemu ya kwanza. Kwenye ziwa Mille Lacs huota mji mzima wa vibanda, vingine vina vitanda, jiko na televisheni, na wenye hoteli za kando ya ziwa hulima barabara juu ya barafu na kuweka madaraja penye nyufa. Mvuvi hutoboa tundu kwa kekee, hutumbukiza ndoano, na hukaa. Desemba 2023, kwenye ziwa Upper Red, pande kubwa la barafu lilimeguka na kuelea likiwa na watu zaidi ya 100. Waliokolewa wote, na si wote waliofurahia kuiacha ndoano.

Sheria inataka vibanda viwe vimeondolewa kufikia Machi, mapema kusini na katikati ya mwezi kaskazini. Machi kibanda kimeshayeyusha barafu chini yake kwa joto la jiko, na barafu imeganda tena juu ya mbao za chini. Kwa hiyo msimu hufungwa kwa shoka na mtaimbo, baba, shemeji na majirani wawili wakiguguna sakafu kuanzia asubuhi. Kibanda kikishang'oka na kufungwa nyuma ya pikapu, wanasimama kupumua, na mwenye nacho anaanza kuwaeleza kwamba mwaka ujao atajenga kikubwa zaidi, cha vyumba viwili.