Jinsi ya Kuunda Kompyuta ya Gemu bila Kuuza Ng'ombe wa Baba

Kijana wa Kahama, Katoro au Shinyanga mjini akipata pesa yake ya kwanza, iwe ya duara, ya pamba au ya bodaboda, wapo watu watatu wanaoipigia hesabu kabla yake: mwenye nyumba, shemeji na muuza kompyuta. Wawili wa kwanza malizana nao mwenyewe. Kwa huyo wa tatu, hizi hapa hatua saba, na nazisimamia zote.

1. Zipite taa

Dukani utakuta kasha la kioo lenye feni za rangi zote za sherehe. Muuzaji atakupokea: "Bosi wangu, hii mashine ni moto! Cheki taa hizo." Mjibu kwa upole: "Taa nimeziona, kaka. Ndani kuna kadi gani?" Akisema "kadi kali sana", mwambie hilo ni sifa, wewe umeuliza jina. Asipolitaja, aga uende duka la pili.

Taa haziongezi fremu hata moja kwenye gemu. Bajeti ikiwa ndogo, fungu kubwa kuliko yote ni la kadi ya michoro, linafuata la prosesa, na kasha lipewe kinachobaki. Bati lisilo na urembo linacheza mpira ule ule.

2. Nunua marudio

Wachenjuaji wa Geita wanajua kwamba mchanga uliokwisha kupita mwaloni bado una dhahabu, ndiyo maana marudio yana bei. Kompyuta za ofisi zilizotumika ndizo marudio yetu: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Kwa hiyo ofisi nyingi duniani zina sababu ya kutoa mashine zao za zamani.

Kazi yako ni kusoma namba. Muuzaji atakutajia "i7" kana kwamba anataja ukoo wa kichifu. Wewe tazama tarakimu zinazofuata. i7-2600 ni kizazi cha pili, ya mwaka 2011, ina koa nne. i5-8500 ni kizazi cha nane, ya mwaka 2018, ina koa sita, na kwenye gemu inamwacha mbali huyo mwenye jina kubwa. Hizo zilizokataliwa na Windows 11 ziache; chukua kuanzia kizazi cha nane, uipate bila kuungaunga.

3. Pima kasha kabla ya kupenda kadi

Mashine za ofisi huja kwa maumbo matatu. Lile dogo kama kitabu kinene kwa kawaida halipokei kadi ya michoro, liache. Jembamba hupokea kadi fupi tu, zile zenye kibati kifupi. Mnara wa kawaida hupokea kadi nyingi, nao ndio wa kuutafuta.

Halafu kuna umeme wa ndani. Pawa saplai za ofisi ni ndogo, na baadhi zina plagi za kampuni iliyozitengeneza peke yake, huwezi kubadilisha kwa ya dukani hivi hivi. Hapo ndipo GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019 zinapopata heshima: zinakula wati 75, na nyingi hazihitaji waya wa ziada, zinavuta umeme wote kwenye mazabodi. Kagua iliyo mkononi mwako, kwa sababu zipo zilizowekewa tundu la waya.

4. Jihadhari na kadi iliyotoka mgodini

Kuna kadi zilizochimba kabla hujazaliwa kwenye gemu. Zilikuwa zikichimba sarafu za kidijitali, mchana na usiku, hadi Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, ilipoachana na uchimbaji wa kadi Septemba 2022. RX 580 ni mmojawapo wa wachimbaji hao. Si lazima iwe mbovu, lakini feni zake huenda zimechoka na inakula wati 185, mzigo usiobebeka kwa pawa saplai ya ofisi.

Zipo pia za kughushi: kadi ya zamani iliyobadilishwa jina ndani ili ijitangaze kuwa 1050 Ti. Nenda na flashi yenye programu ya bure ya GPU-Z. Kadi ikiwa ya uongo, mara nyingi programu hiyo huandika wazi kuwa ni feki, na mjadala unaishia hapo.

5. Uheshimu umeme

Ukinunua pawa saplai ya bei nafuu, igeuze nyuma. Nyingine zina swichi ndogo nyekundu yenye 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Umeme wetu ni volti 230. Swichi ikiwa kwenye 115 na ukachomeka, utasikia mlipuko na harufu, na warranti haitambui harufu.

Mtaa wenye karasha la kusaga mawe una mtihani wake. Mota kubwa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishachanganya, na taa za majirani zinafifia. Stablaiza inarekebisha volti; UPS inakupa dakika za kuhifadhi na kuzima. Kama pesa haitoshi vyote, kata kwenye kioo, kibodi na kiti kabla hujakata hapa.

6. RAM mbili, diski moja ya maana

Vijiti viwili vya gigabaiti 8 vinafanya kazi kwa kasi kuliko kimoja cha 16, kwa sababu prosesa huchota pande mbili kwa pamoja. Hili lina uzito zaidi kwa anayeunda mashine mpya na prosesa kama Ryzen 5 5600G, yenye michoro ndani yake. Huyo anaweza kuanza bila kadi, akaiongeza msimu ujao wa mavuno.

SSD iwe ya gigabaiti 500. GTA V ilipofika kwenye kompyuta mwaka 2015 iliomba zaidi ya gigabaiti 60 peke yake. Ukiiweka kwenye SSD ya 120 pamoja na Windows, umemaliza nyumba kwa mgeni mmoja. Kuokoa bando, nakili folda la gemu la Steam kutoka kwa rafiki, kisha ingia kwa akaunti yako uliyonunulia gemu hilo. Steam itayatambua mafaili na kupakua kilichopungua tu.

7. Jaribu, ndipo ulipe

Tangu Daraja la JPM la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, mtu wa Geita anakwenda Mwanza bila kusubiri kivuko. Nenda mwenyewe. Acha gemu lizunguke nusu saa mbele yako, sikiliza feni, tazama joto, dai risiti yenye namba ya kadi.

Mzigo ukilazimika kutoka Dar kwa basi, mwombe muuzaji aichomoe kadi na kuifunga peke yake. Ikibaki imechomekwa, uzito wake na matuta ya njia nzima vinaweza kuvunja tundu la mazabodi. Mashine ikifika, iweke juu ya meza, kamwe si sakafuni. Vumbi letu halina subira. Ipulize kila mwezi, ukizuia feni kwa kidole zisizunguke.

Kisha iunganishe kwa mikono yako, na ikishawaka mwite mdogo wako, umfungulie na kumwonyesha kila kipande na kazi yake. Mji wenye vijana wanaofundishana hivyo hausubiri fundi ashuke kwenye basi la Dar kila feni inapogoma.