Leaf Mbili na Barabara ya Muleba

Familia yetu ina Nissan Leaf mbili. Ya mume wangu ni ya mwaka 2012, na ya shemeji yangu, mdogo wake, ni ya 2018. Zote zilitumika Japani kabla ya kuja Tanzania, zote zilifika Bukoba zikiwa juu ya lori, na zote ukiziwasha zinakusemesha Kijapani. Mume wangu alishikilia kwamba hazina tofauti. "Umeme ni umeme," alisema, "na ya kwangu nimeipata kwa bei ya chini." Shemeji alinyamaza, kwa sababu kwao mdogo habishani na kaka yake mbele ya watoto. Ubishi huo ulikatwa na barabara, mkesha wa Krismasi.

Krismasi kwa Mhaya ni kurudi nyumbani. Mama mkwe anaishi Muleba, zaidi ya kilomita 60 kusini mwa Bukoba, na hakuna mtoto wake anayeruhusiwa kukosa. Tuliondoka Hamugembe, mjini Bukoba, jioni na magari yote mawili. Letu lilibeba watu watano, mfuko wa mchele, sukari, sabuni na madumu ya mafuta ya kupikia. Chaji ilikuwa imejaa, na dashibodi ilionyesha kwamba tunaweza kwenda kilomita 95. Kwa hesabu hiyo tungefika na akiba.

Tulipita Rwamishenye, kisha Kyetema. Karibu na Kemondo mvua ikashuka, ile mvua ya Bukoba isiyobisha hodi. Taa zikawashwa, waipa zikaanza kazi, na kwa pumzi za watu watano vioo vikaingia ukungu, ikabidi tupulize hewa ya moto. Kwenye gari la mafuta joto hilo ni la bure, linatoka kwenye injini. Kwenye Leaf linatoka kwenye betri ileile inayozungusha magurudumu. Barabara nayo ilianza kuiacha kando ya ziwa na kupanda. Zile kilomita 95 zikawa 50, zikawa 20. Tulipoipita Muhutwe, picha ya kobe ikawaka kwenye dashibodi. Hiyo ndiyo alama ya Leaf kwamba nguvu imepunguzwa ili betri isikauke kabisa. Tulitambaa mpaka penye mji mmoja wa mkulima wa kahawa, gari likasimama.

Kulivuta kwa kamba hakufai. Magurudumu ya mbele ya Leaf yameunganishwa na mota, hivyo yanapaswa kuinuliwa kutoka chini. Shemeji, aliyekuwa ametangulia, aligeuza akaja kuwachukua watoto na mizigo, akawapeleka Muleba, kisha akarudi tena kutuangalia. Gari lake lilifanya safari hiyo ya ziada na bado lilikuwa na chaji.

Mwenye mji ule hakutuuliza maswali mengi. Alitukaribisha ndani, akatuletea kahawa ya kutafuna kama mgeni anavyopokewa Uhayani, akatuonyesha soketi ya ukutani. Nyaya zake hazikuwekwa kwa ajili ya gari, kwa hiyo tulichaji polepole huku mume wangu akigusa plagi kila mara kuona kama inapata moto. Baada ya saa mbili hivi betri ilikuwa imepata uniti kama tano, na hizo zikatufikisha. Tulitaka kumlipa akakataa, tukamnunulia uniti kwa simu kwa namba ya mita yake.

Tulidhani yameisha. Usiku ule magari yote mawili yalichomekwa kwa mama mkwe, na kabla ya alfajiri nyumba nzima ikawa giza. LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ilikuwa imefika sifuri, na nyama ya sikukuu imo kwenye friji. Mama alisimama mlangoni na tochi ya simu.

"Waitu, nimeita watoto wangu waje kula," alisema. "Hawa wawili wanaokula umeme nani aliwaalika?"

Hoja yake ilikuwa nzito kuliko giza lile. Yeye yumo katika kundi la wateja wadogo, wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi na kulipa bei nafuu. Leaf ya shemeji peke yake ikijazwa mara mbili imeshavuka kiwango hicho, na mama anaweza kuhamishiwa bei ya juu kwa ajili ya magari ya wageni. Mume wangu alinunua uniti palepale, akamwomba mama radhi. Asubuhi, baada ya misa, ndugu wawili wakakaa chini ya mgomba na kupiga hesabu.

Leaf iliyoanza kuuzwa Desemba 2010 ilikuwa na betri ya kilowati-saa 24, na ile ya mume wangu ni ya kizazi hicho. Kizazi cha pili, kilichotoka Japani Oktoba 2017, kilikuja na betri ya 40. Kwa lugha ya LUKU ni uniti 24 dhidi ya 40. Mota imepanda kutoka kilowati 80 hadi 110, na mlimani hilo linaonekana. Kwa kipimo cha Japani la kwanza lilipewa kilomita 200 na la pili 400, lakini hicho ni kipimo cha maabara, hakikubeba mchele wala hakikupanda Muhutwe.

Kubwa zaidi ni umri wa betri. Pembeni mwa kipimo cha chaji kuna vijiti 12 vinavyoonyesha afya yake. Kijiti cha kwanza kikizimika, betri imepoteza takriban asilimia 15; kila kinachofuata ni asilimia sita na kidogo. La mume wangu lilikuwa na vijiti vinane, yaani theluthi mbili tu za uwezo wake. Kwa hiyo hata likiandika "imejaa," limejaa debe lililopungua.

Familia ikaamua hivi. Leaf ya zamani inabaki Bukoba kwa shule, soko na hospitali, na hapo inatufaa sana: kilomita 100 zinakula uniti kama 16, ambazo hata kwa shilingi 350 kila moja hazifiki 6,000. Gari dogo la petroli lingetaka lita sita au saba, na lita moja imepita shilingi 2,500. Leaf mpya ndiyo inayokwenda Muleba. Inajazwa Bukoba kwa mita ya mwenyewe, inakwenda na kurudi na mikungu ya ndizi kwenye buti bila kugusa LUKU ya mama.

Wewe unayetaka kununua gari la umeme huku Kagera, usidanganywe na rangi wala mwaka. Liwashe, hesabu vijiti, pima umbali wa kwenda kwa mzazi wako na kurudi, kisha ongeza mvua, mlima na mzigo. Lisipotosha, linunue kwa ajili ya mjini. Na ukichaji kwa mzazi, nunua uniti kabla hujachomeka.