Redio Moja, Wapangaji Wawili: Mwongozo kwa Dereva wa Chidya

Ndugu dereva wa gari la wagonjwa, kabla hujaenda kuomba redio ya pili, kaa kwanza na hiyo uliyonayo. Gari lenye simu za upepo mbili ni gari lenye antena mbili, nyaya mara mbili, fyuzi mara mbili na betri moja inayolalamika kila asubuhi. Redio moja inatosha kubeba maneno ya kinywa na data pia, mradi ukubali kwamba hao ni wapangaji wawili wanaotumia mlango mmoja. Akiwa mlangoni huyu, yule asubiri ndani.

Na mlango wenyewe huku kwetu, kati ya Masasi na Newala, ni mwembamba. Redio nyingi za magari hutumia masafa ya VHF, na mawimbi yake husafiri karibu kama macho yanavyoona. Ukisimama ukingoni mwa uwanda wa juu, mita 400 juu ya bonde, upeo wako wa redio ni kama kilomita 80. Teremka mita hizo 400 na gari lako, na ukuta wa udongo mwekundu unasimama kati yako na unayemtafuta. Ukielekea Masasi utakutana na milima ya mawe, Mkomaindo na wenzake, nayo haimpishi mtu. Dakika za kusikika ni chache. Mwongozo huu ni wa namna ya kuzigawa.

Anza kwa kugawa kazi. Mpeleke mwenzako ng'ambo ya shamba la mikorosho siku yenye upepo, mpigie kelele "sita", kisha "tisa", halafu muulize amesikia nini. Herufi ni zile zile, zimebadilishana viti tu. Sasa ingiza mkwaruzo wa redio na ngurumo ya injini. Muuguzi anasema presha ya mama ni mia na sitini, hospitali inaandika mia na tisini. Kiswahili chetu kitamu kina mtego huo, na wanaozaa hawana muda wa kurudiwa mara tatu. Kwa hiyo namba zote zipite kwa data: presha, kundi la damu, saa ya kufika, mahali gari lilipo. Herufi zikifika zimefika, hazina lafudhi.

Sauti ibaki na kazi yake, nayo ni kubwa. Huduma ya madaktari wa ndege iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1957 na Michael Wood na wenzake, ambayo leo tunaijua kama Amref, ilitegemea redio: muuguzi wa mbali anaeleza anachokiona, daktari anamwambia afanye nini na mikono yake. Wilayani Iganga, Uganda, mwaka 1996 ulianza mradi ambao uliwapa wakunga wa jadi redio za mkononi, vituo vya afya redio za mezani, na magari redio za garini, ili mama akizidiwa gari liitwe bila mtu kukimbia kwa miguu. Hofu, swali, maelekezo, "mlaze upande wa kushoto", hayo ni ya mdomo. Hakuna herufi zinazoyaweza.

Ukishagawa, ifundishe data adabu. Modemu ya kawaida ya VHF, kile kisanduku kinachogeuza herufi kuwa milio ya redio, hupeleka biti 1200 kwa sekunde. Taarifa yenye jina la gari, mahali lilipo na maneno machache ni kama herufi 80. Ukiongeza muda wa redio kuamka na kutulia, inachukua karibu sekunde moja hewani. Magari kumi yakituma mara moja kila dakika, yamekula sekunde kumi katika sitini. Hapo watu bado wanaongea. Lakini yupo mkubwa fulani katika kila ofisi ambaye hutaka kuona magari yakitembea kwenye ramani kama sisimizi, naye huagiza kila gari litume kila baada ya sekunde kumi. Piga hesabu mwenyewe: magari kumi, sekunde moja moja, kila sekunde kumi. Chaneli imejaa mpaka kwenye ukingo, na hakuna upenyo wa mtu kusema "nisaidieni". Mkubwa huyo apewe karatasi ya ramani na penseli.

Kwa kweli hali huharibika mapema kuliko hapo. Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha mtandao wa ALOHA, uliounganisha visiwa kwa redio, na hesabu zao zilionyesha kwamba kila kituo kikituma kinapojisikia, kazi yenye faida haizidi takriban asilimia 18 ya muda wa chaneli. Muda uliobaki ni kimya na migongano. Kwa hiyo modemu yako iwekwe isikilize kwanza, itume pakiwa kimya tu. Hata hivyo usiitegemee sana. Gari lililo bondeni halilisikii gari lililo nyuma ya mlima. Litasikiliza, litakuta kimya, litatuma, na jumbe mbili zitagongana masikioni mwa aliye juu. Redio hizi za magari ni za FM, nazo zina tabia moja: mwenye nguvu humfunika mnyonge kabisa. Dawa ni kutuma mara chache. Gari linalotembea, kila dakika moja au mbili. Gari lililoegeshwa zahanati, kila dakika kumi linatosha, halijahama.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Niliwahi kupanda gari moja la huduma ambalo redio yake ilikuwa imeunganishwa na data na fundi mwenye haraka. Kila dakika spika ilipiga mlio mkali, kama sufuria inayokwaruzwa kwa msumari. Dereva, mtu mzima na mwangalifu, alikuwa amevumilia wiki mbili. Nilipopanda, spika ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cha kufutia vioo, kimekunjwa mara nne na kufungwa kwa kamba ya mpira, na kitufe cha sauti kimeshushwa hadi mwisho. Data ilikuwa inafika vizuri sana. Siku ile hospitali iliita kwa sauti mara tano na hakuna aliyejibu.

Simlaumu dereva hata kidogo. Sikio la binadamu hujilinda. Ukilichokoza litajifunga, na siku ya dharura litakuwa limefungwa vilevile.

Tiba ipo, na ni ya bei ya kugeuza kitufe. Bob Bruninga, aliyefundisha katika chuo cha jeshi la majini la Marekani huko Annapolis na kubuni mfumo wa APRS wa kutuma data kwa redio, aliwaambia wenzake wa redio za ridhaa watumie toni ya hezi 100. Toni hiyo hupita chini ya sauti ya msemaji, na redio huichuja usiisikie. Weka redio yako ifungue spika pale tu toni hiyo inapokuja. Weka kitufe cha kuongelea kitume toni, modemu itume bila toni. Waya wa modemu uchukue sauti kabla haijafika kwenye kizuizi cha spika. Hapo data itaingia na kutoka siku nzima na wewe hutasikia chochote, lakini mtu akiita kwa mdomo spika inafunguka papo hapo. Kitambaa kirudi kwenye vioo.

Kuna faida ya ziada. Ukiona kwenye kioo kidogo cha modemu kwamba taarifa ya gari la Newala imefika sasa hivi moja kwa moja, ujue mnasikika pia kwa sauti. Usipoteze pumzi kuita gari ambalo taarifa yake ya mwisho ina nusu saa.

Nyaya nazipita haraka. Umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi katika kila waya, kwa kuwa redio ya wati 50 hunywa zaidi ya ampea 10 inapotuma. Modemu inapotuma, maikrofoni ikatwe, la sivyo mazungumzo yenu ya bei ya korosho yatachanganyika na presha ya mama. Na unapobonyeza wewe, modemu ikae. Ukipata modemu inayoweza kutuma taarifa pale tu unapoachia kitufe, ichukue: data inaning'inia kwenye mkia wa maneno yako na haimkatizi mtu.

Limebaki suala la bwana salamu. Sisi ni watu wa heshima, na huwezi kumwita mtu bila kumjulia hali. Lakini "habari za huko, watoto hawajambo, mvua je, na yule mzee wa mguu?" ni sekunde arobaini za chaneli, na wakati wote kitufe kimebonyezwa huwezi kusikia anayekuita. Shikamoo moja inatosha, na marahaba yake. Mengine mtaulizana mkikutana Chidya kwenye kivuli.

Masafa utakayotumia yaombewe leseni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na toni mkubaliane magari yote kabla ya masika. Kisha jaribuni mchana mmoja, mmoja akiwa ukingoni, mwingine bondeni, wa tatu Masasi nyuma ya milima ya mawe. Andikeni ni wapi kila mmoja alisikika na wapi alipotea, mbandike karatasi hiyo kwenye dashibodi, mbele ya macho ya dereva wa zamu ya usiku.