Babu Alipochezeshwa Singeli

Shangazi mkubwa ndiye aliyeona kwanza. Bibi harusi hajafika hata katikati ya ukumbi, vigelegele vimepamba moto, na juu kwenye skrini, kona ya kulia, picha ya marehemu babu yake ilikuwa inatetemeka. Mzee wa watu kavaa kanzu na kofia ya kiua, uso umetulia vile walivyokuwa wakitulia watu wa studio za zamani, halafu anatetemeka kama mwenye homa ya malaria. Shangazi akaweka soda chini, akasema kwa sauti iliyozishinda spika: "Astaghfirullah! Mzee haitaki ndoa hii."

Meza za upande wa bwana harusi zikanyamaza. MC, ambaye hulipwa ili aokoe jahazi, akaliokoa kwa kulitoboa: "Jamani, babu naye anacheza! DJ, mpe singeli!" DJ akampa. Ukumbi ukaangua kicheko, simu zikainuliwa, na shingo zote zikageuka kumtafuta mtu wa video, yaani mimi.

Linaloniuma hadi leo ninapoandika haya ni kwamba babu na ile singeli walikwenda sambamba kabisa. Nimepiga hesabu. Kamati ya harusi ilinipa agizo juu ya picha ile: isisimame, watu watadhani ni tangazo la msiba; itembee, lakini taratibu, kwa heshima ya marehemu. Basi nikaipa safari ya pikseli 40 kwa sekunde 8. Video ina fremu 25 kila sekunde, kwa hiyo safari nzima ni fremu 200, na kwa kila fremu babu anatakiwa asogee sehemu moja ya tano ya pikseli. Sasa, skrini haina mahali pa kuweka sehemu moja ya tano ya pikseli. Pikseli ama imewaka rangi hii ama ile, haina nusu. Programu yangu, badala ya kuumiza kichwa, ikawa inampeleka babu kwenye namba nzima iliyo karibu. Fremu nne kasimama, ya tano karuka. Kasimama, karuka. Mara tano kwa sekunde ni mara 300 kwa dakika, na hiyo ni singeli, tena ile ya Tandale haswa.

Angekimbia, asingetetemeka. Picha inayokatiza skrini kwa sekunde moja huruka pikseli nyingi kila fremu, na ikikosea nusu pikseli hakuna jicho la kuliona kosa hilo. Polepole ndiyo inayoumbua. Heshima yote ile waliyoitaka kamati ndiyo iliyomtikisa mzee. Na kwa kuwa walitaka pia akue kidogo kidogo huku akitembea, kila ukingo wa picha ulikadiriwa kivyake: wa kushoto unaruka sasa, wa kulia unaruka baadaye, babu anavimba na kunywea.

Zipo programu zinazoijua sehemu ya pikseli. Hizo huchanganya rangi. Mstari mweusi mwembamba ukiangukia kati ya pikseli mbili, kila moja hupewa nusu ya weusi, na unapata mistari miwili ya kijivu. Picha haitetemeki tena, ila imefifia. Ikisogea mpaka ikakaa sawasawa kwenye pikseli zake, inarudi kuwa kali. Ikiondoka, inafifia tena. Ukiitazama kwa makini utaiona inapumua. Jambo hili hunifurahisha kupita kiasi, kwa mtu mwenye madeni.

Kisha kofia. Picha niliyopewa iliskaniwa vizuri mno: upana pikseli 4000, na kwenye kona ile nilihitaji 500. Katika kila pikseli nane za mstari programu ikachukua moja, saba ikazitupa. Kofia ya kiua ni matundu matupu, kila tundu limezungushiwa uzi kwa sindano na mtu aliyekuwa na subira ya wiki nyingi. Kila babu akiruka, programu inaokota pikseli nyingine. Tundu lililokuwapo linatoweka, jingine linazuka. Kofia ilikuwa inachemka. Dawa yake ni kuipunguza picha kwanza kwenye programu ya picha, ambayo huchukua wastani wa pikseli zote bila kubagua, ndipo uilete kwenye video.

"Kwani hukuitazama kabla?" akauliza mwenyekiti wa kamati. Niliitazama, mzee wangu. Lakini wakati wa kuhariri unaonyeshwa robo, 480 kwa 270 badala ya 1920 kwa 1080, ili kompyuta isizimie, na kwenye ukungu ule babu alikuwa ametulia tuli. Alianza kutikisika wakati wa kueksporti, usiku, mwenye kompyuta kalala.

Harusi iliyofuata, majina ya maharusi kwa rangi nyekundu juu ya buluu yalivuja kingo, kwa sababu video za kawaida hutunza sampuli moja tu ya rangi kwa kila pikseli nne. Kwenye kipaimara, nembo ya kwaya niliyotumiwa ilikuwa imekatwa kwenye fulana. Mahafali sitaki kuyazungumzia.

Ila malipo nitayazungumza. MC alilipwa kabla hajashika maiki. Mpishi alilipwa, mpambaji alilipwa, hata mwenye jenereta ambalo halikuwashwa. Mtu wa video hulipwa "kazi ikikamilika", na kazi haikamiliki, maana daima yupo binamu anayetaka aongezwe dakika ya nne. Mweka hazina aliniambia, kwa upole wa mtu aliyekwisha kula, kwamba salio langu limekatwa kwa kuwa marehemu amedhalilishwa. MC aliyemwitia singeli alipewa bahasha ya nyongeza kwa kuchangamsha ukumbi. Kompyuta ni ya mkopo, umeme wa kukesha nanunua mwenyewe, na pilau niliyowekewa iliishia kwa mpigapicha.

Juzi kamati nyingine imenipigia. Wanataka picha za wazazi wanne, zote zitembee, taratibu. Nimewapa bei mbili, ya picha inayosimama na ya picha inayotembea, na nusu yake iingie kabla sijawasha mashine. Wamesema watakaa kikao.