Begi la Pro

Wahusika: BENCHI (la mbao, mkongwe wa uwanja), DEKIO (kazi yake kukausha jasho sakafuni), UBAO WA MATOKEO (wa umeme, baadhi ya taa zake zimeungua), BEGI (mali ya mchezaji wa kulipwa, limefika wiki hii kwa ndege, kamba za mashirika matatu bado zinaning'inia mkononi mwake).

Mahali: Uwanja wa ndani, jiji moja la Afrika Mashariki. Ni asubuhi ya siku ya mwisho ya mchujo wa kuingia Ligi ya Mpira wa Kikapu Afrika, BAL.

BEGI: Hodi wenyewe! Mbona mmepoa hivi? Leo si fainali?

BENCHI: Karibu, mgeni. Fainali ni usiku, wala haitunyimi usingizi. Sisi tunaisubiri mechi ya mshindi wa tatu.

BEGI: Ya mshindi wa tatu? Kwingine nilikopita, muda huo watu wanafungasha.

DEKIO: Makubwa! Umevuka bahari kuja kwenye mashindano usiyojua yanachezwaje? Ubao, mweleze mwenzio, maana wewe ndiye mwenye hesabu zako.

UBAO: (anawaka nusu, anazima, anawaka tena) Hatua ya mwisho ya mchujo ina timu 16. Nane Kanda ya Mashariki, nane Magharibi. Hapa Mashariki makundi mawili, kila kundi timu nne, wawili wa juu wanaingia nusu fainali. Kanda inatoa timu tatu. Sasa piga hesabu mwenyewe: ukishinda nusu fainali umeshafuzu. Fainali unacheza kwa ajili ya kombe na picha. Waliofungwa nusu fainali ndio wanaogombea nafasi iliyobaki. Mmoja anakwenda BAL, mwenzake anakwenda kujieleza kwa mwenyekiti.

DEKIO: Mimi nazijua mechi kwa jasho lake. La fainali napitisha mara moja tu, sakafu safi. La mshindi wa tatu halikauki. Makocha wanatoka jasho, waamuzi wanatoka jasho, hata mhasibu wa klabu kule jukwaani analowa, na yeye hajagusa mpira.

BEGI: Basi ndiyo tunayocheza leo. Bwana wangu alifunga pointi 31 kwenye nusu fainali na bado tukafungwa.

UBAO: Pointi 31 kati ya 68 za timu nzima. Ninayo kumbukumbu.

BENCHI: Na huyo bwana wako mlifika naye lini?

BEGI: Jumatatu usiku wa manane. Jumanne saa saba mchana tukawa uwanjani. Mtu mzuri, ila majina ya huku yanamshinda. Nahodha anamwita "Kaptini", kocha "Kochi", na wengine wote "Kaka".

BENCHI: Huyo Kaptini nimemjua tangu anasoma sekondari. Misimu sita anaibeba klabu kwenye ligi ya mkoa. Asubuhi yuko bandarini anahesabu makontena, jioni mazoezini, nauli mfukoni mwake. Yeye ndiye aliyeipa klabu ubingwa wa nchi, na ubingwa huo ndio uliowaleta kwenye mchujo. Tangu ufike wewe, amenikalia mpaka mbao zangu zimepata joto. Waandishi wanaandika kwamba anasugua benchi. Anayesuguliwa ni nani? Hakuna aliyewahi kuniuliza hali yangu.

BEGI: Mzee Benchi, msinionee. Kanuni zinaruhusu wageni.

UBAO: Zinaruhusu, na zina kipimo. BAL ilipoanza 2021, kila timu iliruhusiwa wageni wanne, na wasiozidi wawili kutoka nje ya Afrika.

DEKIO: Kipimo kipo cha vichwa tu. Cha dakika hakipo. Wawili hao wanacheza dakika 38 kati ya 40, na wazawa wanagawana kupiga makofi.

BEGI: Lakini si tunaleta na watu uwanjani? Msimu huohuo wa 2021, Patriots ya Rwanda ilimsajili J. Cole, mwanamuziki wa rap wa Marekani. Dunia nzima ikauliza Kigali iko wapi!

BENCHI: Sikatai, iliuliza. Alicheza mechi tatu, akaaga, akaondoka. Patriots wakaingia hatua ya mtoano bila yeye, wakafika nusu fainali. Hilo sikusikia dunia ikiliuliza.

BEGI: Haya, na mimi niulize. Mbona nyinyi huku mnahangaika na mchujo? Nasikia zipo nchi ambazo bingwa wao anaingia moja kwa moja.

UBAO: Zipo. Msimu wa kwanza zilikuwa sita: Angola, Misri, Morocco, Nigeria, Senegal na Tunisia. Wengine wote, foleni. Na mabingwa wanne wa kwanza wa BAL ni hawa: Zamalek ya Misri 2021, US Monastir ya Tunisia 2022, Al Ahly ya Misri 2023, Petro de Luanda ya Angola 2024. Wote wametoka nchi za mlango wa mbele.

DEKIO: Na Rwanda?

UBAO: Rwanda walikuwa foleni na sisi. Lakini mwaka 2019 walikuwa wameshafungua ukumbi wa watu 10,000 mjini Kigali, na msimu wa kwanza wote ukachezwa humo. Msimu wa pili bingwa wao akaingia bila mchujo.

BENCHI: Kumbe mlango wa mbele unafunguliwa kwa zege.

UBAO: Kwa zege, na kwa umeme usiokatika. (taa zake mbili zinazima)

BEGI: Kwa hiyo jirani zenu wengine hawajawahi kufika?

BENCHI: Wamefika, tena kwa jasho lao. City Oilers ya Kampala ilifuzu kwenye mchujo wa Johannesburg 2022, mwaka uliofuata ikafuzu tena. Nairobi City Thunder ikawa klabu ya kwanza ya Kenya, kwa mchujo wa 2024. Mwaka 2025 ikaja zamu ya Dar City, ya kwanza kutoka Tanzania. Hatuna uhaba wa vipaji, bwana. Vipaji hivyo tunavijua kabla havijajulikana: Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009, na ni mtoto wa Dar es Salaam.

DEKIO: Na Dynamo je? Msimsahau Mrundi.

BENCHI: (anashusha pumzi) Dynamo ya Bujumbura. Walipita mchujo huuhuu Novemba 2023. Machi 2024 wakafika Pretoria kucheza BAL. Jezi za ligi zilikuwa na maandishi ya mdhamini kifuani, yaliyokaribisha watalii Rwanda. Na Januari ya mwaka huo Burundi ilikuwa imefunga mpaka wake na Rwanda. Mechi ya kwanza wachezaji waliyafunika maandishi kwa utepe wa gundi, wakacheza, wakashinda. Wakaambiwa hapana, utepe utoke. Agizo la nyumbani likasema hapana, utepe ubaki. Mechi mbili zilizofuata hawakucheza, wakapewa vipigo viwili vya mezani, wakaondolewa mashindanoni.

BEGI: Na wachezaji walisemaje?

BENCHI: Nani aliwauliza? Waligombea mipira na timu ngumu za kanda nzima, wakazipita. Kikawashinda kipande cha kitambaa kifuani, na mgogoro ambao hakuna hata mmoja wao aliyeuanzisha.

DEKIO: Mimi nimepiga deki viwanja vingi. Jasho la siasa halikaushiki kwa dekio.

UBAO: Wala halinihusu. Mwenzangu wa Pretoria alipewa matokeo ya mezani: 20 kwa 0. Ukiyaona hivyo utadhani palikuwa na mechi.

(Kimya kidogo. Mlango unalia, viongozi wa klabu wanaingia wakiwa wamevaa tisheti mpya za safari.)

BEGI: Hawa wote wachezaji?

DEKIO: (anacheka) Hawa ni msafara. Msafara una watu 27, wachezaji 12. Yupo mwenyekiti, makamu wake, katibu, mratibu wa safari, mratibu msaidizi wa mratibu, na yule mwenye miwani anayesema yeye ni mlezi. Daktari amekosa nafasi. Jana kijana ameteguka mguu, barafu ikaletwa kutoka mgahawani.

BEGI: Lakini fedha za kuniajiri mimi zilipatikana.

BENCHI: Zilipatikana wiki moja kabla ya mchujo. Kabla ya hapo, tulipoomba mipira ya kikosi cha vijana, tuliambiwa bajeti imefungwa. Kaptini alikwenda kuomba ruhusa ya siku saba kazini, akakatwa mshahara. Wewe umelipiwa ndege na chumba chenye kiyoyozi, yeye analala watatu chumba kimoja, na ndiye mwenye nchi.

BEGI: Mzee, mimi ni begi tu. Najazwa, nabebwa. Wiki ijayo nipo nchi nyingine, mchujo wa ligi nyingine. Hata bwana wangu naye hana kwao, ana mikataba.

BENCHI: Sikulaumu wewe, mwanangu. Wala yeye. Anafanya kazi aliyoitiwa. Nawalaumu wanaodhani timu inanunuliwa kwa siku sita.

BEGI: Leo tukishinda, tutarudi wote kucheza BAL?

DEKIO: Tutarudi na nani? Mkishinda leo, kesho mwenyekiti anaanza kutafuta begi jingine lenye jina kubwa zaidi. Na mkishindwa, wewe ndiwe utakayelaumiwa. Usiku huohuo watakupeleka uwanja wa ndege kwa teksi ya kukodi.

BEGI: (anaangalia kamba zake) Saa kumi usiku ndiyo ndege.

UBAO: Bado dakika 90. Pasheni misuli.

BEGI: Mzee Benchi, bwana wangu ana jozi mbili za raba hazijavaliwa. Anasema anataka kumwachia Kaptini. Anavaa namba ngapi?

BENCHI: Arobaini na tatu.

BEGI: Zangu ni hamsini.

DEKIO: Basi zibakie kwenye begi, ndipo mahali pake.

BENCHI: Sikia, mgeni, na nyinyi wote mtakaoingia kwa tiketi mchana huu. Ukumbi utajaa, mtapiga picha, mtaimba. Vizuri, imbeni. Lakini Jumamosi saa kumi jioni Kaptini anarudi kwenye ligi ya mkoa, uwanja wa nje, ule wenye pete iliyopinda. Hakuna kiingilio. Mvua ikinyesha, mechi inaahirishwa. Msimu uliopita nilihesabu watazamaji wakawa kumi na nne, na wawili kati yao walikuwa wanasubiri daladala. Njooni.