Tangi la Kilomita za Mraba 650

Mfugaji wa matumbawe wa Hamburg au Dubai huanza kwa kununua: tangi la kioo la sebuleni, mifuko ya chumvi, pampu za kuzungusha maji, taa za bei kubwa, mashine ya kupooza joto. Wewe wa Msimbati, Nalingu, Mkubiru au Mtwara mjini, okoa fedha zako. Tangi unalo. Serikali ililiwekea mipaka mwaka 2000, ikaliita Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 650, bahari pamoja na ardhi ya vijiji. Pampu yako ni Mkondo wa Ikweta wa Kusini, unaokatiza Bahari ya Hindi mpaka unafika Afrika karibu na mpaka wetu na Msumbiji. Hapo hugawanyika, na tawi moja hushika njia ya kaskazini kuelekea Mafia, Zanzibar na Kenya. Pampu hiyo haina waya wala haidai luku.

Kilichokosekana ni kijitabu cha matumizi. Ndicho hiki.

Wafugaji wa matangi wamekusanya maarifa mengi ya kulitambua tumbawe laini linaloumwa, na dalili zao nazihamishia baharini kwa sababu tumbawe halijui kama liko Hamburg au Msimbati. Likiumwa, huumwa vile vile. Tiba zao nyingi nazo zinahamishika. Moja haihamishiki kabisa, na hiyo nitaifikia.

Anza kwa kumjua mgonjwa. Tumbawe gumu hujijengea nyumba ya mawe, na ndilo lililochongwa na kuchomwa chokaa kujengea miji ya pwani hii tangu enzi za mababu, Mikindani ikiwamo. Tumbawe laini halina nyumba hiyo. Ni nyama yenye chembe ndogo za chokaa zilizotawanyika ndani yake, na juu ya nyama hiyo wamejipanga polipu, viumbe wadogo wenye mikono minane kila mmoja, na kila mkono una vinyoya pembeni. Hesabu mikono: ikiwa minane, umefika kwa matumbawe laini na jamaa zao. Ndani ya nyama ya matumbawe laini mengi huishi mwani usioonekana kwa macho, unaopika chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wake.

Kuna jambo moja hapa ambalo ningependa kila mtoto wa pwani alijue. Tumbawe gumu likifa, mifupa yake hubaki miaka mingi, na hata mgeni ataona kwamba hapa palikuwa na uhai. Tumbawe laini likifa huoza, likaisha, na chembe zake zikachanganyika na mchanga. Anayepita baada ya mwezi huona mwamba mtupu, akadhani ndivyo ulivyokuwa tangu zamani. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha mtunzaji ni kumbukumbu. Chagua mwamba mmoja, uupige picha mahali pale pale kila bamvua, kwa simu hiyo hiyo unayotumia kuulizia bei ya korosho.

Sasa dalili. Lalamiko la kwanza la kila mfugaji mpya ni kwamba tumbawe limefumba. Jana lilichanua, leo polipu zote zimeingia ndani, na lile lenye umbo la uyoga, Sarcophyton, limejifunika utando mwembamba wa nta unaong'aa. Usiliguse, na usimwite mganga. Linajisafisha. Linavua ngozi ya nje pamoja na mwani na uchafu uliojibandika juu yake. Mkondo ukipita, utando huchanika na kuchukuliwa vipande vipande, na polipu huchomoza tena baada ya siku kadhaa, mara nyingine wiki mbili. Vivyo hivyo tumbawe laini linaloachwa wazi maji yakipwa: hulala chali, likanywea, na maji yakijaa likasimama. Ugonjwa wa kweli hujulikana kwa macho na pua. Nyama inameguka kuanzia ukingoni, inatoa ute wa rangi ya kahawia, na ina harufu ya kuoza. Mwenye tangi hukata sehemu iliyooza kwa wembe safi, akakifunga kipande kizima kwenye jiwe mpaka kishike. Wewe wembe wako uache nyumbani, maana baharini samaki na kaa watamaliza kazi hiyo, na jirani wa tumbawe hilo atapanda pale lilipokuwa.

Usilikanyage, hilo ndilo kubwa. Mama zetu na shangazi zetu wanaoshuka mwambani kuchokoa pweza wanajua kupita mchangani, na vijana wanaowafuata waige nyayo zao. Nahodha wa mtumbwi naye atie nanga kwenye mchanga. Jiwe la nanga likiburutwa juu ya mwamba wakati wa kusi linang'oa kwa saa moja kilichoota kwa miaka.

Lalamiko la pili: limepauka. Hapa acha utani. Rangi nyingi ya tumbawe hutokana na ule mwani wa ndani, na maji yakizidi joto tumbawe huufukuza, likabaki jeupe na njaa. Halihitaji joto kubwa. Nyuzi 1 tu juu ya kiwango cha juu cha kawaida cha msimu wa joto, ikidumu wiki nne hivi, inatosha kuanzisha kupauka, na ikidumu wiki nane vifo huanza kuwa vingi. Pwani yetu iliyaona hayo vibaya sana mwaka 1998, mwaka wa El Niño, kuelekea mwisho wa kaskazi. Ikayaona tena mwaka 2016, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imeingia katika tukio la nne la kupauka kwa matumbawe.

Mwenye tangi huwasha feni juu ya maji. Ghuba ya Mnazi haina feni ya kuitosha, na mashine ya kuipooza iko mikononi mwa mataifa yanayochoma mafuta na makaa kwa wingi kuliko sisi. Kazi yako ni kumpunguzia mgonjwa mizigo mingine. Tumbawe lililopauka bado li hai. Linaweza kurudisha mwani wake joto likishuka, ikiwa katika miezi hiyo halikufunikwa tope, halikuvunjwa, na samaki wanaolisafishia mwamba hawajavuliwa wote. Chafi na pono wanaokula mwani ndio wafagiaji wa tangi lako. Juya la macho madogo linapowazoa wangali wachanga, mwamba huota majani, na mbegu ya tumbawe hukosa pa kutua.

Lalamiko la tatu linahusu maji yenyewe. Chumvi ya tangi hupimwa kwa uangalifu, gramu 35 hivi kwa lita, na mfugaji akikosea sana polipu hunywea. Tangi letu linamiminiwa mto mzima. Ruvuma hutoka milima ya Matogoro karibu na Songea, ukapita mpakani hadi baharini, na masika hushusha maji baridi na udongo wa kila shamba lililolimwa hadi ukingoni. Tumbawe laini lina uwezo wa kutoa ute na kujipangusa tope jepesi, lakini likifunikwa kila siku huchoka, na mwani wake hukosa mwanga. Wenye matangi hununua vichujio. Sisi chujio letu ni mikoko ya maingilio ya Ruvuma, ambayo mizizi yake hupunguza kasi ya maji mpaka udongo ukatua kabla haujafika mwambani.

Ndiyo maana tanuri la chokaa linalokula matumbawe nalichukia kuliko nyavu zote mbaya. Ili liwake linahitaji kuni, na pwani kuni zilizo karibu ni mikoko. Ili lizae linahitaji matumbawe. Moto mmoja unachoma chujio na mwamba kwa pamoja, na kinachopatikana ni ndoo za chokaa ambayo saruji inaweza kuchukua nafasi yake. Mtwara ina kiwanda kikubwa cha saruji. Hatuna sababu ya kuendelea.

Dawa pia ina masharti. Kila mwenye tangi la matumbawe huonywa asitie dawa ya samaki yenye shaba, kwa sababu inayotibu samaki huua tumbawe na kamba. Utupa unaotwangwa na kumwagwa kwenye vidimbwi vya mwambani ni kosa la aina hiyo hiyo. Hauchagui. Anayeutia apate changu watatu ameua na mtaji wa miaka ijayo.

Dalili ambayo hakuna kitabu cha matangi kinachoiandika ni shimo. Baruti moja huua samaki na karibu kila kilicho hai ndani ya mita 15 hadi 20, na kuvunja mwamba wenyewe kwa mita kadhaa. Kinachobaki ni kifusi. Zamia uchukue kipande kimoja: ni tawi la tumbawe gumu, urefu wa kidole, ncha zake zimeshalainika kwa kusuguana na wenzake. Mkondo umekigeuza jana na utakigeuza kesho. Mbegu ya tumbawe inayotua juu yake leo itakuwa chini yake wiki ijayo, bila mwanga. Kwa hiyo uwanja wa kifusi unaweza kukaa miaka mingi bila kupona. Wakati mwingine matumbawe laini yanayokua haraka, jamii ya Xenia, huufunika wote kama zulia. Mtunzaji asishangilie zulia hilo upesi. Matumbawe laini mengi hutoa kemikali zinazowazuia majirani wagumu kukua, na mwamba wenye zulia tupu hauna mapango ya samaki kujificha wala pweza kutagia. Asiling'oe pia, kwani atazidisha majeraha. Aulinde mwamba mzima ulio jirani, maana huko ndiko mbegu zitatoka.

Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku nchini tangu 1970, na hata hivyo Mtwara iliwahi kuwa na sifa mbaya kwa milipuko. Miaka ya 1990 wavuvi wa Mtwara, Lindi na Kilwa waliokwishachoka waliungana wakaunda Shirikisho, wakaibana serikali ichukue hatua, na kwa kipindi bahari ikatulia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 milipuko ikarudi. Ilipungua sana tena baada ya vyombo vya dola kuunganisha nguvu, vikawafuata hata wanaouza baruti, badala ya kumkamata mvuvi peke yake. Ugonjwa huu una mtu, mtu huyo ana jina, na jirani zake wanalijua. Katika magonjwa yote ya tangi letu, huu ndio wenye tiba ya uhakika zaidi.

Nimebakiza ile tiba isiyohamishika. Tumbawe likikataa kupona, wafugaji wa matangi hupeana shauri moja: badilisha maji. Asilimia 10 leo, 20 wiki ijayo. Hapa huwezi, na huhitaji. Maji ya Ghuba ya Mnazi hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na yanayoingia kutoka kilindini hayana kifani dukani. Yanayohitaji kubadilishwa ni yale tunayoyashika: juya, tanuri, shoka la mikoko, utupa, baruti.

Na kama bado unatamani tumbawe la sebuleni, usilichukue hapa. Kuvunja au kuchimba matumbawe ndani ya hifadhi ni kosa kisheria, na tumbawe hilo litakufia kwenye ndoo kabla ya magharibi. Bamvua ijayo shuka na wanao waliangalie pale lilipo. Ukisikia mlipuko, toa taarifa siku hiyo hiyo kwa ofisi ya hifadhi, kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) au kwa mwenyekiti wa kijiji, useme ni saa ngapi na ni upande gani.